Baba Ametirikeza

Baba mdogo Mihayo alisema sitamaliza hata mwaka mmoja wa shule. Stesheni masta wa Igalula alisema mtoto asiyejua a wala be hana shughuli na kitabu cha treni. Mwalimu Petro, ambaye baadaye alinipenda kama mwanawe, alisema kichwa changu kinafaa kuchungia mbuzi. Nawataja wote watatu kwa heshima, kwa sababu wote watatu walikosea. Leo diploma yangu iko sebuleni, ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni akikaa kiti chochote lazima aione. Niliifuata ng'ambo ya Ziwa, nikarudi nayo, na nyumba hii ya bati ninayoandikia hakuna aliyenijengea. Watu wa rika langu wanayajua hayo kwa sababu nimewaambia mara nyingi. Wasilolijua ni kwamba sikujifunza kusoma ili nipate diploma. Nilijifunza kwa ajili ya neno moja.

Juzi mke wangu alimimina maji kutoka kwenye kibuyu kipya kilichokuwa na ufa, na ufa ule alikuwa ameuziba kwa nta. Harufu ya nta na maji baridi ikanipanda puani. Nikaweka kalamu chini. Mke wangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Baba yangu, Maganga, alikuwa mrina asali. Siku zote alipokwenda kwenye mizinga yake alitoka alfajiri, na mimi niliamka nikakuta mahali pake pa kulala pamepoa. Lakini siku ile alikula mchana, jua likiwa utosini. Mama alimpikia ugali wa uwele na mboga ya karanga, akamfungia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye kitambaa, akajaza maji kibuyu. Vibuyu vile vilikuwa viwili, vya mche mmoja, na mama alikuwa amevichoma shingoni kwa chuma cha moto, mistari mitatu kila kimoja. Baba alichukua kimoja. Alichomeka majani mabichi mdomoni mwa kibuyu ili maji yasirukeruke njiani, akajitwika, akatoka wakati vivuli vinaanza kurefuka. Hakusema anakwenda wapi. Kwetu mwenye mizinga hakutaja mahali anakotundika, na mkewe hakuuliza, kwa kuogopa masikio ya wezi wa asali. Aliniambia tu nisiwafungulie mbuzi mapema.

Hakurudi.

Wiki mbili zilipopita bila habari, watu waliokwenda kumtafuta kwenye mizinga ya zamani walirudi siku hiyohiyo, midomo imekauka, wakisema hakuna dalili. Jioni hiyo baba mdogo alikuja akasimama mlangoni kwetu. Hakuingia.

"Shemeji," alimwambia mama, "mtu wa mizinga anatoka na jogoo. Anayetoka mchana, ameshiba, kifurushi mkononi, huyo anawahi treni ya jioni. Mumeo yuko mkongeni huko pwani."

"Hakuchukua hata shuka," mama alisema.

"Mkongeni wanagawa mablanketi."

Babu yangu, baba yao, alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ukiegemea ukuta wa nyumba, akisaga tumbaku. Ujanani alikuwa mpagazi. Alibeba pembe na vitambaa kati ya Unyanyembe na pwani, na Ujiji pia, kabla ya reli kufika. Alizungumzia safari hizo kila siku, hata ikawa kila alipoanza kusema, watu wa nyumbani walikonyezana wakanong'ona, "Mzee amekwenda tena Ujiji."

"Hakupanda treni," babu alisema. "Ametirikeza."

"Ametirikeza ndiyo nini, baba?"

"Ametirikeza. Nilimfundisha mimi."

Baba mdogo akacheka puani. "Haya. Amekwenda Ujiji na huyu."

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Nami sikumuuliza, na nilikuwa karibu naye kuliko wote, naona unga wa tumbaku kwenye kucha zake. Siku chache baadaye kiharusi kilimpooza ulimi na mkono wa kulia. Aliishi hivyo mpaka mvua za kwanza, kisha tukamzika.

Kwa kuwa baba hakufa, hatukumfanyia matanga. Mama hakunyoa nywele, na misa ya marehemu haikuombwa. Niliambiwa nisilie, kwani mtoto anayemlilia mtu mzima aliye hai anamwombea mabaya. Nikatii. Kutii kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Kitu fulani kifuani kilikaa kimya, kikaendelea kukaa kimya. Watoto wenzangu waliniita mwana wa mtoro, na hata hilo nililisikia kama mtu anayemsikia jirani akitwanga.

Baba mdogo alimpa mama mavuno matatu. Maganga asiporudi au asijulikane alipo, mama angefunga mzigo arudi kwao Usinge, na mimi na dada yangu tungebaki, kwa sababu sisi ni wa ukoo. Mke wa mtoro hana nyumba ya kukalia. Angekuwa mjane lingekuwa jambo jingine: mjane na watoto wake hawatolewi kwenye nyumba aliyoijenga marehemu. Basi mimi, nikiwa mtoto wa miaka minane, nilielewa kwamba ili mama abaki, ilinibidi nimpate baba, akiwa hai au amekufa, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni lile neno la babu.

Na neno lenyewe nilikuwa nimelielewa vibaya. Niliamini Tirikeza ni mji. Niliuona kabisa: nyumba nyeupe, soko lenye kelele, baba amekaa barazani anauza asali. Nikaenda stesheni.

"Unataka nini wewe?" stesheni masta aliuliza. Alikuwa Mhindi mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo. Tikiti ya Tirikeza."

"Tirikeza gani?"

"Kule aliko baba."

Wachukuzi waliokuwa wameegemea magunia walicheka. Yeye hakucheka. Alipitisha kidole kwenye kitabu chake, ukurasa baada ya ukurasa. "Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, hakuna. Kwenda Mwanza, hakuna. Kuna Tura, kuna Tabora. Chagua moja."

"Labda hujaisoma vizuri," nilimwambia.

Hapo ndipo aliposema maneno yale ya a na be. Lakini nilirudi kesho yake, na keshokutwa, na siku zilizofuata. Nadhani nilimchosha. Mwishowe alinitupia kitabu cha zamani cha safari za treni, jalada limeng'oka. "Nakuazima. Tafuta mwenyewe. Ukimaliza, lete." Kati ya treni na treni alinionyesha herufi kwenye ubao wa jina la stesheni: ile I, ile G. Nilianza kusoma kwenye ubao ule mmoja, na sijasikia mtu mwingine aliyefanya hivyo. Mavuno ya kwanza yalipoingia ghalani, nilikuwa nimesoma kila stesheni ya reli ya kati, kwenda na kurudi. Tirikeza haikuwamo. Nikasoma tena tangu mwanzo.

Mwaka uliofuata nikaingia shule ya misheni, nikawapita wenzangu wote kwa sababu wao walikuwa wakiimba herufi na mimi nilikuwa nikisoma majina ya miji. Siku moja nilinyoosha mkono nikamuuliza Mwalimu Petro maana ya tirikeza.

"Hilo si neno," alisema. "Hizo ni kelele za wazee."

Nilimwambia kwamba babu yangu hakuwa mpiga kelele. Alinichapa viboko viwili, ndipo aliposema habari za mbuzi. Lakini mwalimu yule alikuwa mtu asiyelala akiwa hajui kitu. Baada ya Pasaka aliniita nyuma ya darasa, ameshika kamusi kubwa ya zamani ya mapadre, kidole kimebana ukurasa.

"Neno lako lipo," alisema, na alikuwa na aibu kidogo. "Mstari mmoja tu. Mwendo wa msafara unaofanywa alasiri."

Mji wangu ukabomoka pale pale, soko na baraza na asali. Sikusikia uchungu, niliona tu kwamba haupo. Aliniazima kamusi ile, nikamsomea mama mstari ule jioni, na baba mdogo alikuwepo, amekuja kuazima shoka.

"Si ndiyo nilisema?" alisema. "Alitoka alasiri. Hata kitabu kinajua. Tena nashukuru shule, imenisaidia."

Mama aliendelea kupepeta. Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo limenifaa hata kwenye mitihani ya diploma: neno ukilijua nusu, litamsaidia anayekupinga.

Nikamrudia Mwalimu Petro, nikamwambia mstari mmoja hautoshi, nataka kuona watu wakilitumia. Akaniazima kitabu kilichochapwa zamani kwenye mitambo ya misheni, simulizi la mtu wa pwani aliyekuja bara na msafara. Mchwa walikuwa wamekula kurasa za mwanzo. Nilikisoma nikichunga, nikisukuma kila neno kwa kijiti. Tirikeza lilikuwamo mara tatu.

Mara ya kwanza msimulizi alisema tu kwamba wapagazi walinung'unika walipoambiwa watirikeze, wakadai posho zaidi. Nikaelewa kwamba ni kazi ngumu. Mara ya pili alieleza jinsi walivyopika mchana mahali penye maji, wakala wakashiba, kisha kila mtu akajaza kibuyu chake na kuchomeka majani mabichi mdomoni. Niliposoma majani mabichi niliacha kusoma. Mbuzi wakaingia shamba la watu. Mara ya tatu aliandika kwamba walilala katikati ya pori kavu bila kuwasha moto wa kupikia, na kesho yake kabla jua halijawa kali wakafika kwenye maji mengine, wakapiga ngoma.

Sasa nilikuwa na neno zima. Ukitoka asubuhi kuvuka nchi isiyo na maji, jua la mchana linakumalizia kibuyu kabla hujafika kokote. Ukitoka alasiri, jua linashuka pamoja nawe. Unakwenda kwenye ubaridi, unalala, unamalizia asubuhi. Wapagazi waliweka maji mbele na maji nyuma, na usiku mmoja mkavu katikati. Waliomtafuta baba walitoka na jogoo, wakarudi na kiu. Hakuna aliyefika ng'ambo ya lile pori kwa sababu hakuna aliyeondoka saa ambayo pori lile linavukika.

Ila ng'ambo ipi? Pori liko kila upande.

"Wenye misafara hawajafa wote," Mwalimu Petro alisema. "Wajane wao wako Tabora mjini, na barua zao ziko masandukuni."

Alipokwenda mjini kufuata chaki na madaftari alinichukua. Ilikuwa mwaka wa tatu, mahindi yameanza kukauka shambani. Nyumba ya nne tuliyobisha ilikuwa ya Bi Zuwena, bibi mnene wa mjini, mlango wake umenakshiwa, harufu ya kahawa na udi ikitoka ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu mwanao, mwalimu, mbona kama hajala?"

"Amekula, bibi. Anatafuta neno."

Nilimwambia neno. Akaacha kupuliza kahawa yake.

"Muda mrefu sijalisikia," alisema. "Marehemu mume wangu alilichukia. Alisema tirikeza imemla miguu." Akaamuru kijakazi wa nyumba alete kopo la bati. Barua zilikuwa za hati ya Kiarabu kwa Kiswahili, na yeye alisoma polepole, akiruka mambo ya nyumbani, mara nyingine akicheka peke yake. Katika barua ya tano mumewe alimweleza baba yake kwa nini msafara umechelewa: wapagazi wa Igalula walikuwa wamekataa kutirikeza mpaka waongezewe vitambaa, kisha wakatoka kwenye visima vya mikwaju alasiri, wakaelekea mawio, wakalala pakavu, na kabla ya adhuhuri wakafika kwenye dimbwi lililo chini ya majabali mawili, mahali penye nyuki wengi mno hata punda wawili wakafa.

"Soma tena hapo kwenye nyuki," nilisema.

Mwalimu alinikanyaga mguu, lakini Bi Zuwena alisoma tena. Kisha akaikunja barua. Nilimwomba, kwa sababu nilijua baba mdogo hatanisadiki mpaka aone karatasi.

"Nakuazima," alisema. "Sikupi. Ikipotea nitakusomea Halbadiri, wewe na mwalimu wako."

"Mimi ni Mkristo, bibi," Mwalimu Petro alisema.

"Itakufikia tu."

Mavuno ya tatu yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa uani kwetu kumweleza mama safari yake ya Usinge. Nilisimama katikati yao na kitabu na barua, nikasema yote niliyoyaandika hapa.  Watu walisema baadaye nilizungumza kama karani wa mahakama, nami naamini.

"Karatasi za Waarabu," baba mdogo alisema. "Za punda waliokufa."

Mama aliinuka. Aliingia ndani akatoka na kile kibuyu kilichobaki, cha mistari mitatu, akaniwekea mikononi. "Nakuazima," aliniambia. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Nenda naye. Mkirudi bila kitu, mzigo wangu nitaufunga mwenyewe, hutanisikia."

Tulipika mchana kwenye visima vya mikwaju, vile vilivyo karibu na kwetu. Tukala. Baba mdogo alinitazama nikichomeka majani mdomoni mwa kibuyu, akafanya kama mimi kwenye chake. Tulitoka vivuli vikirefuka. Alitembea mbele mpaka jua lilipozama, tukalala pakavu, na asubuhi majabali yalionekana kabla miguu haijaanza kuuma. Dimbwi lilikuwepo. Juu yake, kwenye miyombo, mizinga ya magome yaliyobanduliwa papo hapo ilining'inia. Nilihesabu tisa. Kila mmoja ulikuwa na alama ya baba iliyochongwa kwa shoka, mkato mmoja mrefu na miwili mifupi, na kila mmoja ulikuwa unavuma.

Chini ya mti wa tisa palikuwa na kamba ya magome, imekatika. Shoka lake lilikuwa hapo, mpini umeliwa na mchwa. Vingine vilivyokuwa hapo baba mdogo aliviona kwanza, akanigeuza uso kwa mkono wake. Kwenye tawi la chini, kwa ukanda wake, kilikuwa kimetundikwa kibuyu chenye mistari mitatu.

Baba mdogo alivua shuka lake akakusanya alichoweza. Alichukua muda mrefu. "Kaka," alikuwa akisema, "kaka, nilikutukana." Kisha akaniambia sasa ninaruhusiwa kulia. Nilijaribu kwa ajili yake. Nilikunja uso, nikasubiri. Nyuki walikuwa wakivuma.

Tulifika nyumbani siku ya tatu. Mama alimwona baba mdogo bila shuka, akaona kifurushi, akakaa chini pale pale alipokuwa. Alinyolewa jioni hiyo. Matanga yaliwekwa, misa ikasomwa kwa jina kamili la baba, na hakuna aliyetaja Usinge tena, wakati ule wala baadaye. Nilipotaka kumrudishia mama kibuyu chake alikisukuma. "Kwanza rudisha vya watu," alisema.

Basi matanga yalipoondolewa, nikavirudisha vyote siku moja. Alfajiri nilimpelekea Mwalimu Petro kamusi na kitabu chake, nimefuta vumbi kila ukurasa. Alisema nitabaki shuleni mpaka shule iishe. Stesheni masta alipokea kitabu cha treni, akakipindua, akauliza kama nimeipata Tirikeza. Nilimwambia nimeipata, na haina stesheni. Akavua miwani, akanipandisha kwenye behewa la gadi bila tikiti. Tabora, Bi Zuwena alihesabu kurasa za barua kabla ya kunitazama usoni, kisha akanipa kahawa kama mtu mzima, akasema mumewe angefurahi kwamba miguu yake ilimfaa mtu.

Nilirudi na treni ya jioni. Mama alikuwa uani, kichwa chake kidogo bila nywele. Nilimpa kibuyu. Hakukitundika. Alikijaza maji kutoka mtungini, kisha akaleta kile cha baba tulichorudi nacho, ufa wake ameuziba kwa nta, akamimina maji kutoka hiki kwenda kile, akaninyooshea.

Nikanywa. Yalikuwa baridi, na yalinukia nta.

"Ulichoazima kimerudi," mama alisema.

Nikanywa tena, mpaka yakaisha.